Joseph Dutton, munganga aliyezikwa Kasongo, na siri ya kijidudu cha malale

Ukitoka Uvira kwa njia ya zamani, unafuata ziwa mpaka Baraka, unapanda Fizi, unayaacha maji nyuma na kuingia Kabambare, ndipo unafika Kasongo, kule Maniema. Nchi hiyo ilikanyagwa sana na misafara ya Waswahili wakati wa Tippu Tip, ambaye makao yake yalikuwa Kasongo, na Kiswahili tunachosema huku kina deni kubwa kwa misafara hiyo. Katika mji huo, tarehe 27 Februari 1905, alikufa munganga mmoja Muingereza wa miaka 30. Aliitwa Joseph Everett Dutton. Aliuawa na ugonjwa ambao yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuuchunguza miezi michache nyuma.

Wanafunzi wa udaktari wanamjua kwa majina mawili ya Kilatini. La kwanza ni Trypanosoma gambiense, jina alilompa yeye mwenyewe yule kijidudu wa malale, ugonjwa wa usingizi. La pili ni Borrelia duttonii, bakteria ya homa ya papasi, ambayo wengine waliipa jina lake baada ya kifo chake. Huku kwetu pwani ya ziwa malale si ugonjwa wa kila siku kama malariya au kipindupindu. Lakini wazee wanakumbuka ekipe zilizokuja kijijini, watu kupangwa mstari na kushikwa shingo mmoja mmoja. Ile kushikwa shingo ina historia, na Dutton yumo ndani yake.

Alizaliwa mwaka 1874 Bebington, karibu na Liverpool, akasoma udaktari hapo Liverpool na kumaliza mwaka 1897. Ilikuwa bandari ya meli zinazokwenda Afrika Magharibi. Mabaharia na makarani walirudi na homa ambazo hakuna aliyezielewa, na wengine hawakurudi kabisa. Mwaka 1898 tajiri wa meli Alfred Jones, mkubwa wa kampuni ya Elder Dempster, alitoa pesa ili shule ya magonjwa ya nchi za joto ianzishwe. Huyo Jones ndiye pia aliyekuwa konsuli wa ile Kongo ya mfalme Leopold huko Liverpool. Shule ilizaliwa juu ya biashara, tusijidanganye. Hata hivyo vijana walioingia humo walikuwa na moto wa kujua, na Dutton alikuwa mmoja wa wale wa mbele.

Mwaka 1900 walimtuma Nigeria ya Kusini pamoja na wenzake wawili kuchunguza mbu na malariya. Mwaka uliofuata alipewa ufadhili uliobeba jina la Walter Myers. Myers alikuwa daktari kijana aliyetumwa Brazil na shule hiyohiyo, akafa kwa homa ya manjano mwezi Januari 1901. Dutton ndiye wa kwanza kupewa ufadhili huo. Akapanda meli peke yake kwenda Gambia, na huko ndiko jina lake lilikotokea.

Mwezi Mei 1901 munganga wa serikali huko, Robert Forde, alikuwa amempokea nahodha mmoja muzungu wa meli ya mtoni, mwenye homa isiyosikia kinini. Forde alitazama tone la damu kwenye hadubini, akaona vitu vinavyojinyonganyonga kama minyoo midogo sana. Hakujua ni nini. Mwezi Desemba, nahodha alipokuwa amerudi tena na homa yake, Dutton alipata nafasi ya kuitazama damu ile. Aliwatambua palepale: trypanosoma, vijidudu ambavyo David Bruce alikuwa ameshavionyesha kwenye ng'ombe na farasi wa Zululand. Sasa viko ndani ya binadamu. Mwaka 1902 akakipa kijidudu hicho jina la Gambia.

Kuna jambo moja lililowasumbua. Siku moja damu imejaa vijidudu, homa iko juu. Baada ya siku chache unatafuta, unatafuta, huoni hata kimoja, na mgonjwa anasema amepona. Halafu homa inarudi na wao wanarudi. Walikuwa wanajificha wapi? Dutton alilibeba swali hilo mpaka kaburini. Tutalirudia chini.

Wakati huohuo Uganda ilikuwa inaangamia. Malale iliua watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Victoria katika miaka ile. Muitaliano Aldo Castellani alikuta trypanosoma ndani ya maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka 1903 Bruce akaonyesha kwamba anayewabeba ni mbung'o. Kumbe ile homa ya nahodha wa Gambia na ule usingizi unaoua ni ugonjwa mmoja, mwanzo wake na mwisho wake.

Leopold anaita waganga

Mwaka 1903 Leopold aliomba shule ya Liverpool itume watu Kongo. Dutton alifika Boma mwezi Septemba pamoja na Mkanada John Todd, ambaye alishafanya naye kazi Gambia na Senegal, na Cuthbert Christy, aliyekuwa ametoka Uganda.

Hapa lazima tuseme wazi. Mwaka huohuo konsuli wa Uingereza, Roger Casement, alikuwa kwenye mto uleule akiandika juu ya watu waliopigwa, waliofungwa na kukatwa mikono kwa sababu ya mpira wa msituni. Ripoti yake ilitoka mwaka 1904. Edmund Morel, karani wa zamani wa kampuni ileile ya meli ya Alfred Jones, alianzisha pamoja naye chama cha kuipinga Kongo ya Leopold, na alikianzishia Liverpool hukohuko. Mji mmoja ulitoa wale waliofichua mauaji na wale waliotumwa kumtibia Leopold wafanyakazi wake. Watu waliokimbia vijiji, wenye njaa, waliosukumwa kwenye misitu ya kando ya mito, ndio mbung'o aliowapata kirahisi. Mimi sidhani Dutton alikuwa mtu mbaya. Lakini kazi yake nzuri ilifanywa chini ya mkono uliokuwa unaongeza ugonjwa wenyewe.

Kazi ilikuwa kubwa kweli. Walianza Leopoldville, Kinshasa ya leo, wakipima wagonjwa wa malale, wakishika tezi za shingo na kuzitoboa kwa sindano ili kutafuta kijidudu ndani ya majimaji yake, kwa sababu mara nyingi damu haionyeshi kitu. Njiani walieleza habari za funza mmoja wa ajabu anayekaa kwenye udongo wa sakafu, usiku anatoka kunyonya damu ya mtu anayelala chini, mchana anarudi kwenye mavumbi. Christy aliondoka mwaka 1904. Dutton na Todd wakaendelea kupanda mto mpaka Stanleyville, Kisangani ya leo.

Hapo Stanleyville, mwishoni mwa mwaka 1904, waliacha malale kidogo na kushika homa nyingine. Wasafiri wote wa upande wa mashariki waliijua: unalala kwenye nyumba ya udongo kando ya njia ya misafara, unaumwa na papasi, ambaye wengi huku wanamuita kimputu, na baada ya siku kadhaa homa inakuangusha. Inaisha. Inarudi. Inaisha tena. Dutton na Todd waliwaumisha nyani kwa papasi waliokusanywa, nyani wakaugua, na kwenye damu yao wakaona bakteria ndefu, nyembamba, iliyojipinda kama waya wa skurubu. Wakaenda mbele zaidi: hata papasi wadogo waliotoka kwenye mayai ya mama mwenye ugonjwa, ambao hawajawahi kumuuma mtu, walipitisha homa. Huko Uganda, Philip Ross na Arthur Milne walikuwa wanafikia jibu hilohilo juu ya papasi bila wao kujuana.

Wote wawili, Dutton na Todd, waliambukizwa wakiwa kazini. Todd alipona. Dutton alidhani amepona. Wakapanda Lualaba mpaka Kasongo, wakifuata malale iliyokuwa ikisambaa upande wa mashariki, na huko homa ikamrudia kwa mara ya mwisho. Taarifa yao ya homa ya papasi ilichapishwa mwaka huohuo wa 1905, jina lake likiwa la kwanza, naye yuko tayari chini ya udongo wa Maniema.

Yaliyofuata bila yeye

Todd alirudi Liverpool na kutoa ushauri: watu wapimwe shingo njiani, wenye tezi zilizovimba watengwe. Leopold akampokea na kumpa nishani. Kwa wakaaji, ushauri huo uligeuka lazareti: nyumba za kutengwa ambako mtu aliingizwa kwa nguvu na wengi hawakutoka. Dawa ya wakati ule, atoksili, yenye arseniki, iliwapofusha macho watu wengi. Ng'ambo ya ziwa letu, kwenye pwani iliyokuwa ya Wajerumani, Usumbura ikiwemo, walifungua kambi za wagonjwa, vichaka vikafyekwa kando ya maji na watu wakahamishwa. Ndiyo maana kwa bibi na babu zetu neno malale halikuwa na harufu ya mbung'o peke yake. Lilikuwa na harufu ya serikali.

Dawa zilizokuja baadaye nazo zilikuwa na uchungu. Melarsoprol, iliyoanza kutumika mwaka 1949, ilikuwa na arseniki pia, iliunguza mishipa kama moto, na iliua karibu mgonjwa 1 kati ya 20 iliowaingia. Lakini bila hiyo mgonjwa ambaye kijidudu kimeshafika kwenye ubongo alikuwa anakufa tu, kwa hiyo waganga waliendelea kuitoa kwa nusu karne. Mwaka 1998 Kongo peke yake iliripoti wagonjwa zaidi ya 26,000.

Kitabu na karatasi

Sasa turudi kwenye swali la Dutton: kijidudu kilikuwa kinajificha wapi? Jibu ni kwamba hakikujificha. Kilikuwa kinabadilisha nguo. Na ili tuelewe nguo hizo zinavyobadilishwa, lazima tuingie ndani ya seli, mahali ambapo Dutton, kwa hadubini yake ya mwaka 1901, hangeweza kuona.

Fikiria ofisi ya etasivili. Kitabu kikubwa cha vizazi hakitoki nje ya ofisi hata siku moja. Ukihitaji cheti cha mtoto, karani anafungua ukurasa wako, anakuandikia nakala kwenye karatasi, na unaondoka na hiyo karatasi. Seli inafanya vivyo hivyo. Kitabu ni DNA, kinafungiwa ndani ya kiini cha seli. Kila jeni ni kama ukurasa. Jeni ikihitajika, mashine ndogo inapita juu yake na kuandika nakala, na nakala hiyo ndiyo RNA. RNA inatoka nje ya kiini na kwenda kwenye karakana ya seli, ambako inasomwa herufi kwa herufi, na kutokana nayo inatengenezwa protini. Protini ndizo zinazofanya kazi: zinajenga, zinabeba, zinakata, zinalinda. Karatasi ikishatumika inachanwa. RNA haikai sana.

Kwetu binadamu nakala hiyo haitoki hivihivi. Inapoandikwa inakuwa na mistari ya katikati isiyohitajika. Seli inaikata mistari hiyo na kuunganisha vipande vilivyobaki, inaweka kofia upande wa kichwa ili nakala isioze na itambulike, na mkia upande wa mwisho. Halafu ndio inaruhusiwa kutoka. Tena karibu kila jeni yetu ina swichi yake: hii inakiliwe leo, ile iache.

Kijidudu cha malale kinafanya kwa njia yake. Hapa mfano wa etasivili hautoshi, twende kwa mshonaji. Badala ya kunakili jeni moja moja, kinaanza mahali pamoja na kunakili jeni makumi kwa makumi bila kusimama, na kutoa RNA moja ndefu kama jora la kitambaa lenye mapambo mengi yaliyofuatana. Jora lote hilo halifai kuvaliwa. Linapaswa kukatwa vipande, kila jeni na kipande chake. Na kila kipande kinashonewa upindo uleule mmoja, wenye herufi 39, unaotoka kwingine kabisa na unaobeba ile kofia. Upande wa pili, kama matamvua ya kitambaa, kinawekwa ule mkia. Upindo wa herufi 39 uligunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1986 ikaeleweka kwamba unashonewa kutoka nje. Mshonaji wetu asipokata, asiposhona upindo, hakuna hata nguo moja inayotoka dukani.

Kwa sababu jora linatoka lote kwa pamoja, kijidudu hakiwezi kuchagua sana mwanzoni. Kinachagua mwishoni: nakala ipi iachwe ikae, ipi ichanwe upesi. Hivyo ndivyo kinavyojipanga kikitoka kwenye tumbo la mbung'o, ambako chakula ni kingine kabisa, kuingia kwenye damu ya mtu yenye joto na sukari.

Na kuna jambo lingine la kushangaza zaidi, ambalo mimi nilipolisoma mara ya kwanza nilidhani ni makosa ya uchapaji. Seli ya kijidudu hiki ina chombo cha kutengeneza nguvu, mitokondria, chenye DNA yake ya pembeni. Baadhi ya jeni zake humo zimeandikwa nusunusu. Ukizisoma kama zilivyo hazina maana. Mwaka 1986 kundi la Rob Benne huko Amsterdam lilikuta kwamba RNA inapotoka kunakiliwa, herufi moja, U, inachomekwa katikati, hapa na pale, mpaka maneno yanakuwa na maana. Baadaye ikaonekana kuna nakala ambazo zaidi ya nusu ya herufi zake zimeongezwa namna hiyo, hazimo kwenye kitabu. Zinaongozwa na RNA nyingine ndogondogo zinazoonyesha herufi iingie wapi. Watu wa sayansi walikuwa wameamini kwamba nakala inafuata kitabu. Kijidudu kilichopewa jina na Dutton, pamoja na jamaa zake, kiliwalazimisha wafikiri upya.

Sasa zile nguo. Mwili wa kijidudu hiki kikiwa kwenye damu umefunikwa koti la protini ya aina moja, molekuli karibu milioni 10 zimesimama bega kwa bega. Askari wa mwili wetu wanalitambua koti hilo baada ya siku kadhaa na kuwaua wanaolivaa. Hapo damu inasafika, homa inashuka, mgonjwa anasema amepona. Lakini wachache kati yao wameshavaa koti lingine. Kwenye kitabu chao kuna zaidi ya jeni 2,000 za makoti, nyingi zikiwa vipande vinavyoweza kuunganishwa kuwa koti jipya, na sheria ni moja: linanakiliwa koti moja tu kwa wakati mmoja. Nyingine zote ziko kimya. Na koti halinakiliwi na mashine ya kawaida ya jeni za protini. Linapewa mashine nyingine, ya haraka, ambayo kwa viumbe wengine kazi yake ni kunakili RNA za karakana tu. Askari wetu wanafukuza kanzu nyeupe, mwizi ameshavaa ya bluu. Mgonjwa anaishiwa nguvu kabla kijidudu hakijaishiwa makoti, mwishowe kinaingia kwenye ubongo.

Kumbe na ile homa ya papasi iliyomwangusha Kasongo inacheza mchezo wa namna hiyo. Bakteria za jamii hiyo nazo zinahifadhi jeni za makoti mengi, na moja tu inanakiliwa kwa zamu. Ndiyo sababu homa inaisha na kurudi. Dutton alichunguza magonjwa mawili ambayo hayana undugu hata kidogo, moja la mbung'o, moja la papasi, na yote mawili yalimpiga chenga ileile. La pili likamuua wakati wa moja ya kurudi kwake.

Mwaka 2005, miaka 100 kamili baada ya kifo chake, kitabu kizima cha DNA ya Trypanosoma brucei, spishi ambayo kijidudu cha gambiense ni tawi lake, kilichapishwa: jeni karibu 9,000.

Komprime tatu

Mambo haya yote ya majora na mapindo yangeweza kubaki kwenye labo za Ulaya na Marekani. Hayakubaki. Tangu mwisho wa mwaka 2018 Kongo ina feksinidazoli, dawa ya kwanza ya malale inayomezwa tu, siku 10, bila sindano. Nyuma yake inafuata nyingine, akoziboroli, ambayo inamezwa mara moja: komprime tatu, basi.

Mwaka 2018 watafiti walipotafuta akoziboroli inamuua kijidudu kwa kushika nini, walikuta inashika mkasi. Ni ile protini inayokata jora la RNA. Dawa inaingia kwenye meno ya mkasi na kuuziba. Jora linatoka lakini halikatwi, mapindo hayashonwi, seli inakosa nakala za kusoma na inakufa. Sisi pia tuna mkasi unaofanana nao kwenye seli zetu, kwa sababu hata RNA yetu inakatwa mwishoni kabla ya kuwekewa mkia. Lakini meno ya wetu yana umbo tofauti kidogo, dawa haikai vizuri. Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayotenganisha dawa na sumu, na ndiyo haikuwepo kwenye arseniki.

Jaribio lilifanywa kwenye hospitali za Kongo na Guinea, na wagonjwa 208. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Kwa wale ambao ugonjwa ulikuwa umeshafika mbali, wale ambao zamani wangepewa melarsoprol, 95 kati ya 100 walikuwa wamepona baada ya miezi 18. Waliotafuta wagonjwa hao kijiji kwa kijiji ni ekipe za Wakongomani wa programu ya kitaifa ya kupambana na malale. Bado wanashika shingo, bado wanatoboa tezi. Wapo pia watafiti wanaojaribu kutafuta kwenye tone la damu upindo wenyewe wa herufi 39, kwa kuwa RNA inaoza upesi kijidudu kikishakufa. Ukiikuta, ujue kijidudu kiko hai.

Tangu 2018 dunia nzima inaripoti wagonjwa wa malale ya gambiense chini ya 1,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa yao ni watu wa nchi yetu. Lengo la Shirika la Afya Duniani ni kwamba kufikia 2030 maambukizi yakatike kabisa. Namba ikishuka namna hii, hatari yake ni nyingine: pesa za ekipe zinapungua, manesi wapya hawajawahi kumuona mgonjwa hata mmoja, na mtu anayelala mchana na kuchanganyikiwa usiku anapelekwa kwenye maombi au anatibiwa malariya mwezi mzima. Maniema ni kati ya sehemu ambako ugonjwa haujaisha, na watu wanatembea kati ya kule na ziwa kila wiki, kwa dhahabu, kwa samaki, kwa kukimbia vita.

Kwa hiyo, kama una ndugu aliyetoka huko na homa inayoisha na kurudi, usiogope kumuambia muuguzi wa kituo cha afya alikotoka. Akisikia Kasongo au Kabambare, aguse shingo, na aombe watu wa labo watazame kile kioo cha damu kwa muda mrefu kidogo kuliko wanavyofanya kwa malariya: wakitafuta anayejinyonganyonga, na pia ile bakteria iliyojipinda ya papasi, ambayo tetrasiklini inaitibu kwa pesa kidogo.